Tulipokosa Ng'ambo

Orodha ile niliiandika mimi. Watu wengi hapa Kasongo wanadhani ilitoka Kindu, makao makuu ya jimbo, pamoja na barua ya kuunganisha kartie zetu tatu, yaani mitaa, kuwa komini moja, kwa sababu ina mhuri wa komini chini na mistari yake imenyooka. Sijawahi kuwasahihisha. Mistari ile niliipiga kwa rula ya mbao, kwenye meza ya bibi yangu, na safu ya mwisho niliiondoa mwenyewe bila kuombwa na mtu. Naandika haya ili angalau mahali pamoja yawe yamesemwa.

Mimi si mtu wa shule nyingi. Niliacha mwaka wa tatu wa sekondari, baba alipokwenda machimboni Salamabila na habari zake zikakatika. Mama alikuwa amekwisha kufariki. Nilibaki na bibi, mama yake mama, mwanamke wa mpunga na muhogo ambaye hakuwahi kuandika hata jina lake. Kuandika vizuri nilijifundisha kwa kunakili chochote kilichofika mkononi: kalenda za parokia, karatasi za mbegu, matangazo ya chanjo, sarufi moja iliyopoteza jalada. Nikikosea herufi moja naandika ukurasa mzima upya. Nikifunga mlango narudi kuutikisa mara tatu. Watu husema nina bidii. Si bidii, ni woga. Naogopa kukutwa na kosa kama wengine wanavyoogopa nyoka.

Kwa ajili ya mwandiko huo shefu wa kartie yetu alinichukua niwe karani wake. Wakati huo tulikuwa bado kartie tatu. Yetu ilikuwa mlimani, ya wakulima waliohamia kutoka vijijini tangu enzi za mababu, watu wa kanisa, wanaosema Kizimba nyumbani na Kiswahili barabarani. Chini, ng'ambo ya kijito, ilikuwa kartie ya zamani ya familia za Kiislamu, wenye maduka na meza za sokoni, ambao mababu zao walikuja na misafara, au walikutwa hapa na misafara wakaingia ndani yake. Ya tatu ilikuwa changa, kwenye njia ya kwenda Kabambare, nyumba za watu waliokimbia bunduki kule kwao wakafika na mikeka na kuku.

Kati yetu na wa ng'ambo kulikuwa na utani, na utani huo ulitokana na jambo zito. Watu wao waliwauza watu wetu. Hilo kila mtoto wa mlimani analijua kabla ya kujua kuhesabu. Sijui nani aliamua, wala lini, kwamba jambo hilo lisisemwe kwa hasira bali kwa matusi ya kuchekesha, lakini ndivyo tulivyolikuta. Mtu wa ng'ambo akikuona sokoni anakushika mkono na kuutazama kama anayechagua mbuzi. Unamjibu kwamba babu yake alimuuza babu yako kwa chumvi, na chumvi yenyewe ilikuwa na mchanga. Anaweza kukunyang'anya mwavuli au kofia mbele ya watu, na wewe hukasiriki. Anayekasirika ndiye anayepata aibu.

Na mtu akifa, wafiwa hawashiki jembe. Akifa mtu wa mlimani, wa ng'ambo ndio wanaochimba kaburi. Akifa wa ng'ambo, sisi ndio tunaoshuka. Wachimbaji wanamtukana marehemu tangu udongo wa kwanza mpaka wa mwisho, wanaiga sauti yake na mwendo wake, wanakataa kutoka shimoni mpaka waletewe kuku. Wa ng'ambo wakija kwetu wanaleta mfuko wa chumvi, wanauweka mlangoni pa wafiwa na kusema, "Babu yenu huyu hapa, tumemrudisha." Mkubwa wetu anaunyanyua mfuko, anaupima kwa mkono, anajibu, "Mbona amekonda?" Hapo ndipo kilio kinapoanza kweli, watu wakicheka na machozi yakitoka. Wageni wanaosikia hudhani hatuna adabu.

Barua ya kuunganisha kartie ilisomwa uwanjani, asubuhi, sote tumesimama. Tangu siku hiyo tulikuwa komini moja, yenye ofisi moja na mhuri mmoja. Sekretere wa komini alikuwa kijana mpole kutoka Kindu, mwenye mashati yaliyopigwa pasi vizuri kuliko ya mtu yeyote hapa. Alitaka kazi zote za pamoja ziwe na utaratibu mmoja: usafi wa Jumamosi tunaouita salongo, kuchimbua visima, na mazishi. Akaona mwandiko wangu kwenye daftari la shefu.

"Dada," aliniambia, "wewe ndiye utatuandikia."

Ningependa kusema nilisita. Sikusita. Nilikwenda nyumbani karibu mbio.

Kazi ilinichukua wiki mbili. Karatasi yangu ya kwanza ya mazishi ilikuwa na safu sita: avenue au barabara, wachimbaji, wenye maji, wenye kuni, wapishi, na ya mwisho, watani. Katika safu hiyo ya mwisho, avenue zetu niliziandikia "ng'ambo", na za ng'ambo nikaziandikia "mlimani". Kwa watu wa Kabambare sikuwa na la kuandika. Hawakuwa na watani hapa. Visanduku vyao vilibaki vitupu, na visanduku vitupu vinanitesa. Nilivitazama siku nzima. Kisha nikatazama ramani ya komini iliyobandikwa ofisini, ambayo kijito kinapita katikati yake kama mstari mwembamba tu, nikaona hata neno "ng'ambo" halina mahali pa kukaa. Ng'ambo ya nini, ikiwa pande zote mbili ni sisi?

Nikaondoa safu ya watani. Mahali pake nikaweka kwamba kila avenue ichimbe makaburi yake, na avenue jirani ilete maji na kuni. Hakuna atakayetembea mbali kwenye mvua. Watu wa Kabambare nao watapata wachimbaji. Ilikuwa orodha ya haki, bila kisanduku kitupu hata kimoja.

"Safi kabisa," alisema sekretere, akapiga mhuri.

Sikumbuki siku niliyofurahi kama ile.

Jioni nilimsomea bibi. Alikuwa amekaa barazani akichambua mchele, miguu yake juu ya kigoda. Miguu ilikuwa imeanza kuvimba. Daktari wa hospitali alikuwa amekwisha kuniambia, bila kuzunguka, kwamba ni moyo na kwamba nijitayarishe.

"Soma tena pale pa kuchimba," alisema.

Nikasoma.

"Na watani?"

"Bibi, sasa hatuna ng'ambo. Tumekuwa komini moja."

"Kijito kimekauka?"

"Hapana."

"Basi ng'ambo iko."

"Kwenye karatasi haiko, bibi."

Alitupa jiwe dogo la mchele uani, kuku wakalikimbilia bure.

"Sasa mimi nikikufa," alisema, "nani atanitukana?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Vijana wa hapa wananiogopa. Watanichimbia kwa heshima, kama mutu wa serikali. Mimi sitaki kuzikwa kimya, mwanangu. Nimewatukana wale watu maisha yangu yote, wananingojea. Nilimucheka mama yao ndani ya jeneza, ni zamu yao. Kitu nakuomba ni kimoja tu. Wao ndio wanichimbie, na midomo yao yote."

Nilimwahidi. Nilidhani ni jambo jepesi: siku ikifika watapata habari, na watakuja.

Wa kwanza kufa baada ya orodha alikuwa mzee wa ng'ambo, mwadhini wa miaka mingi. Wanaume wetu walichukua majembe wakashuka kama siku zote, wakaanza kumtukana tangu darajani, kwamba sasa angalau wataweza kulala alfajiri. Sekretere aliwakuta upande wa pili akiwa na nakala ya orodha mkononi.

"Avenue imejipanga, ndugu zangu," aliwaambia kwa upole. "Asanteni sana."

Nilikuwa nimesimama kwetu, juu. Niliwaona wakirudi na majembe safi begani, kimya, mmoja nyuma ya mwingine. Watoto wa marehemu walimchimbia baba yao kwa mikono yao. Baadaye nilisikia kwamba walichimba wakilia na kusimama, wakichimba na kusimama, mpaka kaburi likawa na ukuta mmoja uliopinda. Na kule ng'ambo watu hawakusema kwamba sekretere amewazuia watani. Walisema watu wa mlimani wamekaa na serikali wakajiandika kando. Wametukataa, walisema. Hilo halikuwa uongo. Aliyejiandika kando alikuwa mmoja tu, lakini alitoka mlimani.

Wiki hiyohiyo nilishuka sokoni kununua mawese. Muuza mawese wangu alikuwa mama mmoja mnene wa ng'ambo, mkubwa wa watani wa kike, ambaye alikuwa akinitukana tangu nilipokuwa nabebwa mgongoni. "Umekuja tena na hiyo pua?" alikuwa akisema. "Si nilikwambia uiache nyumbani, itaniharibia wateja?" Kisha angenipimia chupa pungufu makusudi, tugombane, aongeze.

Siku hiyo aliinuka kutoka kwenye kiti.

"Habari ya asubuhi, dada. Karibu. Nikupatie chupa ngapi?"

Alinijazia mpaka shingoni. Akanikabidhi kwa mikono miwili.

Nilisimama pale na chupa yangu iliyojaa. Sijawahi kufukuzwa mahali popote kama nilivyofukuzwa na ile chupa.

Sikumwambia bibi. Nilificha kwa wiki nyingi, na ninakiri kwamba nilichoficha hakikuwa huzuni, kilikuwa kosa. Katikati ya wiki hizo mtu wa Kabambare alifariki, mume wa mama mmoja kijana aliyepanga chumba katika ile kartie ya tatu. Orodha ilifanya kazi. Wachimbaji wa avenue yake walifika saa waliyopangiwa, maji yalifika, kuni zilifika. Nilikwenda kutazama kwa mbali, nikajiambia: unaona? Kabla ya orodha wafiwa wa kule walichimba wenyewe. Nilijiambia hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Lakini miguu ya bibi ilizidi kuvimba, na kila nilipoikanda aliniuliza, "Watani wazima?" Nami nikajibu, "Wazima, bibi."

Mwishowe nilifanya kile ninachokijua. Niliandika barua. Niliandika nakala nne nikazichana, ya tano nikaiacha. Nilieleza kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba nimeligundua kwa majuto makubwa, kwamba ninawaomba radhi wazee wote wa upande wa pili kwa heshima na unyenyekevu, na kwamba familia yetu itashukuru ikiwa, siku ya msiba wetu, watakubali kufika. Haikuwa na kosa hata moja. Nilishuka nayo sokoni nikiwa nimevaa nguo ya kanisani.

Muuza mawese alipangusa mikono, akavaa miwani, akaisoma yote bila kuharakisha. Akaikunja mara mbili.

"Barua nzuri sana," alisema. "Tunashukuru. Utusalimie bibi."

Nilipanda mlima nikiwa mwepesi. Nilimwambia bibi kila kitu, kwa sababu sasa kosa lilikuwa limekwisha tengenezwa: safu niliyoiondoa, majembe yaliyorudi safi, chupa iliyojaa, barua. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umewaomba samahani?"

"Ndiyo, bibi."

"Watani?"

"Ndiyo."

"Na walisema nini?"

"Walishukuru."

Alifumba macho. Nilidhani ni maumivu ya kifua, nikainuka kuleta dawa.

"Kaa," alisema. "Samahani tunaomba kwa mutu wa mbali. Ukimukanyaga mgeni, unamuomba samahani. Hao hatukuwaomba samahani hata siku moja, wala wao kwetu, na wao ndio wako na mambo makubwa ya kuombea. Tungeanza kuomba, tungemaliza lini? Kwanza uliwafungia mlango. Sasa umeenda kupiga na msumari."

Akageukia ukutani. Kwa siku tatu hakuniambia neno zaidi ya "maji" na "inatosha".

Sasa nitasema jambo ambalo nalionea haya kuliko orodha. Katika siku hizo tatu nilikaa nikaandika matusi. Nilichukua daftari jipya nikaandika matusi kumi na moja, nikayapanga kuanzia la wastani mpaka la kali, nikabadilisha mawili yaliyorudia neno. Niliyasoma kwa sauti kwenye shamba la muhogo mahali asipoweza kunisikia mtu. Sikuwahi kumtukana mtu maishani. Matusi ya utani wa kwetu niliyapokea tu, nikicheka chini chini, nikitafuta jibu ambalo lingenijia nikiwa nimekwisha fika nyumbani.

Siku ya nne nilishuka. Soko lilikuwa limejaa, ilikuwa siku ya magari na pikipiki za kutoka Lusangi. Nilisimama mbele ya meza ya mawese.

"Karibu, dada," alisema yule mama. "Habari za nyumbani?"

Nilifungua mdomo. Matusi yote kumi na moja yalikuwa yameondoka. Daftari lilikuwa kwenye mfuko wangu, na nilijua kwamba nikilitoa tu, nimekwisha. Yule mama alikuwa akinitazama kwa ile adabu yake mbaya. Nikasikia sauti, na ilikuwa yangu, kubwa kuliko nilivyowahi kuisikia.

"Unaniuliza nyumbani? Wewe muuza watu! Umekaa hapo unapima mawese kama babu yako alivyompima babu yangu, na bibi yangu anavimba miguu akikungojea wewe!"

Muuza samaki wa meza ya pili aliacha kufukuza nzi.

Tusi lile sikuwa nimeliandika. Halikuwa hata na kichekesho. Nililisikia baada ya kulisema, na nikasikia kwamba ni kweli, kwamba kile kitu tulichokicheka miaka yote hii kilikuwa bado kipo, kizima, na mimi nimekiweka mezani katikati ya chupa. Neno "samahani" lilikuwa limefika kwenye ulimi. Niliuma meno.

Yule mama alivua miwani. Akaipangusa kwenye kitenge, upande mmoja, kisha wa pili.

"Babu yako," alisema polepole, "tulimpima. Hakufika hata kibaba. Wenye msafara walikataa kumbeba, wakasema huyu atatumalizia chakula bure. Tukamwacha pale mlimani aote kama uyoga. Ndio nyinyi."

Muuza samaki alianza kucheka, kisha wale wa nyuma yake.

"Na ile barua yako!" Sasa sauti yake ilikuwa imerudi, ile ya zamani, ya kujaza soko. "Nimefungia karanga! Kwa heshima na unyenyekevu! Mimi nimekukosea nini, mtoto wewe, hata uniheshimu?"

"Na bibi je?" nilisema. Nilikuwa nalia.

"Bibi yako ni mwizi wa kuku na afe akijua hivyo. Vua viatu."

"Nini?"

"Vua viatu, nimevikamata. Siku yake nitakuja navyo."

Nilipanda mlima peku. Bibi alikuwa barazani. Alitazama vumbi jekundu lililonifika mpaka vifundoni, hakuuliza nimetoka wapi.

"Wamekamata na viatu?"

"Wamekamata."

"Vizuri," alisema, akaomba chai.

Bibi alifariki kabla mwezi haujaisha, asubuhi, nikiwa napepeta mchele hatua tano kutoka kwake. Nilikata kuti la mchikichi nikashuka nalo nikalisimika darajani, upande wao, kama ilivyokuwa desturi. Sikumwita mtu. Mtani haitwi, anaona kuti na anakuja. Nikarudi kukaa na wanawake.

Wanaume wa avenue yetu walifika na majembe, kufuatana na orodha. Wanawake wa upande wa Kabambare walifika na madumu ya maji, kufuatana na orodha, na miongoni mwao alikuwa yule mjane kijana. Sekretere alifika na shati jeupe, akanipa pole, akaangalia saa. Katekista aliuliza kaburi litakuwa tayari lini. Wanaume wetu walinitazama. Kwa muda, naapa ulikuwa mrefu kuliko wiki zile mbili za kuandika, hakukuwa na sauti yoyote kutoka chini. Mmoja wao akatema mate mikononi na kuinua jembe.

Ndipo tuliposikia sufuria zikipigwa. Walikuwa wanapanda, si wote, watu kama kumi na watano, wazee zaidi kuliko vijana, na mbele yao yule mama amevaa viatu vyangu vilivyomwishia katikati ya unyayo.

"Wekeni majembe, wafiwa! Nani amewafundisha kuchimba? Nyinyi mnajua kupanda muhogo tu, mtampanda huyu aote tena!"

Sekretere alikuja upande wangu.

"Dada, hawa ni akina nani? Wako kwenye safu ipi?"

Hapo ndipo ningeweza kusema mbele ya wote: safu yao niliifuta mimi. Nilisema, "Ni watani," na nikanyamaza. Mzee mmoja wa ng'ambo alimpokea sekretere nakala yake ya orodha, akaisoma juu chini, akamrudishia na jembe juu yake. Sekretere alibaki ameshika vyote viwili. Baadaye nilimwona kaburini, shati limejaa udongo, akichimba.

Wengine walikwenda makaburini, lakini yule mama aliingia ndani. Mfuko wa chumvi uliwekwa mlangoni. "Babu yenu huyu hapa, tumemrudisha." Mjomba wangu aliunyanyua, akashindwa kusema neno lake. Wanawake wakamsemea. Kisha mama yule akajilaza kwenye mkeka wa bibi, kando ya jeneza, akainua miguu juu ya kigoda na kukohoa.

Alikohoa kikohozi cha bibi. Kifupi, kifupi, kisha kirefu chenye mlio mwishoni, kama anayekataa kitu. Nilikuwa sijakisikia tangu asubuhi na nilidhani sitakisikia tena. Akaanza kuhesabu kuku wa jirani kwa sauti ya bibi na kuwapa majina ya kwake. Akamfukuza katekista kwa kuwa mahubiri yake yanachelewesha muhogo. Akaniita mimi, "Wewe, umetikisa mlango? Katikise tena, labda umefunguka!" Watu walianguka kwa kucheka. Nilicheka mpaka nikashika tumbo, na katika kicheko hicho kilio kilitoka, chote, ambacho tangu asubuhi nilikuwa nakibana nisikosee.

Kaburini walichimba kwa namna yao ya Kiislamu, na mwanandani ubavuni pa shimo. Katekista alipouliza ni nini hiki, walimwambia wamemwongezea chumba kwa sababu alikuwa na maneno mengi. Walitoka shimoni baada ya kuku wawili. Alizikwa kwa kelele.

Siku ya tatu, wakati wanawake wanaosha masufuria, mjane yule kijana wa Kabambare alikuja kuchukua madumu yake. Nilimsaidia kuyasuuza. Tulikaa kwenye ukingo wa baraza.

"Ni wewe uliandika orodha," alisema. Haikuwa swali. "Niliona mwandiko wako kwenye daftari la wageni, ni uleule."

Nilipangusa mikono kwenye kitenge.

"Nilitaka kukushukuru. Walikuja saa ileile. Watu wazuri, hakuna aliyekataa." Alizungusha kifuniko cha dumu. "Walichimba, wakamuweka, wakafunika, wakanawa mikono. Juzi nilipomwona yule mama anakohoa pale, nikawaza... wangu hakuna aliyejua alikuwa anakohoa namna gani. Hakuna aliyemujua hapa hata kwa ubaya."

Nilikuwa nimeandika kisanduku chake. Kilikuwa kimejaa, kila neno mahali pake. Nilikumbuka siku niliyokaa nikikitazama kikiwa kitupu, na jinsi nilivyodhani kwamba taabu yake ni utupu wa karatasi.

"Alikuwa mtu wa namna gani?" niliuliza.

"Mupole tu." Akafikiri. "Alipenda kulala. Hata tulipokimbia, kwenye njia ya Kabambare, tukipumzika kidogo yeye amelala. Tunamuamsha, anauliza kama tumefika."

Sikuwa na daftari. Sikuwa na nakala ya kwanza wala ya pili. Mimi si mtani wake, sijui hata kama inaruhusiwa.

"Kumbe alikuwa mvivu," nilisema. "Mvivu kabisa, amekuja Kasongo kulala."

Aligeuka akanitazama. Hakutazama kando. Mikono yake iliacha kifuniko. Nilijua kwamba safari hii hakuna nitakayemwandikia barua.

"Mvivu sana," alisema. "Ungemwona kwenye shamba! Jembe lilikuwa linamuamsha yeye."

Akafunika uso kwa kitenge, mabega yakaanza kutikisika, na kwa muda sikuweza kujua anacheka au analia.